Nani Anamaliza Mwani wa Gannet?

Gannet Head, 6 Machi 1983

Mjomba Lindsay mpendwa,

Mimi ni mzima, ila pua imebabuka kwa jua. Mama aliniambia kwa simu kwamba goti lako limetulia, na kwamba amekupiga marufuku kueleza hesabu mezani mpaka watu wote wamalize kula. Nilikuonea huruma, lakini nilimwelewa na yeye. Sijasahau Krismasi ile uliyotuelezea uwezekano wa kila mmoja wetu kuikuta sarafu iliyofichwa ndani ya pudingi, hadi pudingi ikapoa na babu akalala.

Nimepanga chumba kwa mzee Clarrie na mkewe Dulcie, nyumba ya mbao juu kidogo ya mwamba ninaofanyia kazi. Mzee amestaafu reli, na siku hizi huketi akitazama ukuta. Ana ufito wa kuvulia samaki lakini anasema samaki wamehama. Dulcie anapika kondoo kila siku, isipokuwa siku anapopika mabaki ya kondoo.

Sasa yaliyonifanya nikuandikie. Profesa Maddock amenipa mpaka mwisho wa Novemba. Nikimletea jaribio lisilo na tundu, nitabaki hapa kituoni na kumaliza shahada yangu ya viumbe wa bahari. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa Geoffrey, yule anayechunguza kaa. Juzi nilimkuta anapima meza yangu kwa futi kamba.

Jaribio lenyewe ni hili. Mwamba wetu umejaa konokono wenye gamba la umbo la kofia. Kazi yao ni kulamba mwani wa kijani mara tu unapochipua. Mimi nadai kwamba wakiondolewa, mwani utaota. Kwa hiyo nimejenga nyua ndogo za wavu wa waya, zilizo wazi juu, kila moja kubwa kama kitambaa cha meza ya chai. Katika nusu yake nimewatoa konokono. Nusu nyingine nimewaacha. Inatosha? Wewe umefanya hesabu za majaribio ya ngano na kondoo maisha yako yote. Nadhani konokono hawatakushinda.

Mpwa wako,
Narelle

N.B. Nyua nimeziweka pale mwamba ulipo tambarare, ambapo mtu anaweza kukaa vizuri na chupa yake ya chai.


Temora, 15 Machi 1983

Mpwa wangu Narelle,

Nianze na ya nyumbani ili mama yako asiseme nimeyaruka. Goti liko palepale. Ukame bado, bwawa limebaki tope na bata mmoja mwenye kinyongo. Mama yako anasema uvae soksi.

Barua yako niliisoma nikiwa na kikombe mkononi, na kile ulichoandika chini ya jina lako ndicho kilichonizuia kumaliza chai. Umechagua mahali pazuri pa kukaa. Narelle, penye tambarare huenda maji yanatuama, au jua linapiga zaidi, au konokono wenyewe wanapapenda kwa sababu zao wasizotuambia. Ukichagua wewe, unachopima ni matako yako, si mwani. Chora ramani ya mwamba wote, ugawe kwa miraba, uandike namba kwenye vikaratasi, ufumbe macho, uchomoe. Namba ikikupeleka pabaya, nenda pabaya.

La pili linahitaji hadithi. Jirani yangu, Mama Katsaros, alimpa mbwa wake dawa ya minyoo ndani ya soseji. Mbwa akachangamka. Mama Katsaros akaisifu dawa mtaa mzima. Nikamwuliza, "Mama, nani amekuhakikishia kwamba si soseji?" Nikamshauri ampe mbwa soseji tupu kwa wiki moja, bila dawa, tuone. Mama Katsaros hanisemeshi tena, lakini mbwa ananiunga mkono kwa moyo wote.

Sasa, ua wako wa waya ni soseji. Unaweka kivuli, unapunguza wimbi. Mwani ukiota ndani yake, utajuaje kama ni kwa sababu konokono hawapo au kwa sababu ya waya? Jenga na nyua nusu, zenye upande mmoja tu, konokono wakiingia na kutoka watakavyo. Hizo ndizo soseji tupu.

Mjomba wako,
Lindsay


Gannet Head, 24 Aprili 1983

Mjomba mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Nilichomoa vikaratasi nikiwa nimefumba macho, na bahati ikaniweka kila mahali ambapo mtu mwenye akili hakanyagi. Kipande kimoja kiko chini ya ukingo ambako wimbi linanipiga kofi kila ninapoinama. Kingine kiko katikati ya choo cha shakwe. Lakini nimejenga vyote, soseji zako zikiwemo.

Habari za hapa ni njema. Chakula kimebadilika! Mzee Clarrie ameanza tena kuvua, na kila Jumamosi analeta samaki wale wanaoitwa weusi, wapana, wenye mistari. Anasema hajapata bahati kama hii tangu alipoacha reli. Dulcie anawakaanga kwa siagi, anakamulia limau. Mzee anapiga mluzi bafuni. Kondoo tumemsahau.

Kuhusu jaribio, sina raha. Mwani hauoti. Au unaota kidogo, kama ndevu za kijana, halafu nikirudi haupo. Penye konokono ni peupe, pasipo konokono ni peupe. Profesa alikuja, akatazama, akasema "Hmm." Geoffrey amerudi na futi kamba, safari hii amepima droo.

Narelle


Temora, 2 Mei 1983

Mpwa wangu,

Mvua imenyesha, na bata amesamehe wote. Mama Katsaros amenisalimu, ingawa alikuwa anamsalimu mtu aliyesimama nyuma yangu.

Unaniandikia "hauoti", kisha unaandika "unaota halafu haupo". Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na daktari akiyachanganya mgonjwa anakufa. Mtoto asiyezaliwa na mtoto aliyetoroka hawatafutwi mahali pamoja. Nitumie vipimo vyenyewe, kila kipande na kila siku uliyopima, bila kuvipamba wala kuvijumlisha.

Halafu swali dogo, la udadisi tu wa mzee. Huyo samaki mweusi anakula nini?

Mama yako anauliza kama soksi ni kavu.

Lindsay


Gannet Head, 29 Mei 1983

Mjomba mpendwa,

Vipimo ni hivi, kurasa sita. Utaona kwamba Ijumaa mwani pasipo konokono unafika kimo cha kiungo cha kidole. Jumapili nikishuka, mwamba umenyolewa. Nyua nzima, hakuna waya uliopinda, hakuna konokono aliyepenya. Nimewaza mawimbi. Nimewaza jua. Nimewaza kwamba kuna konokono wengine wa siri wanaoruka. Hilo la mwisho nililiwaza nikiwa na homa.

Profesa anashauri niandike kwamba konokono hawana athari yoyote kwa mwani, nifunge kazi. Ni jibu, Mjomba. Si jibu zuri, ila lina nukta mwishoni.

Kuhusu samaki, ni mtamu sana. Sasa tunamla na Jumatano. Dulcie amejifunza kumkausha kwa moshi. Mzee Clarrie amechaguliwa nahodha wa klabu ya wavuvi, na mimi imenibidi nitoboe tundu jipya kwenye mkanda.

Narelle


Temora, 3 Julai 1983

Mpwa wangu Narelle,

Umengoja, najua. Mama yako anadhani nilikuwa nimenuna. Sikununa. Nilipiga hesabu zako kwa mkono mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini na mara ya pili sikupenda.

Sikiliza. Chochote kinachoota chenyewe hutawanyika. Ukipanda ngano shamba moja, huku inafika kiunoni, kule gotini, pale mbuzi amepita. Jumapili zako hazitawanyiki. Vipande vyote pasipo konokono vimenyolewa kimo kimoja kama vijana siku ya kwanza jeshini. Bahari hainyoi hivyo.

La pili. Mwezi una mzunguko wake, maji yana bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kiasi, na maji mafu, jua lina misimu. Viumbe wote wa pwani wanazifuata saa hizo. Lakini hakuna kitu ndani ya bahari kinachojua Jumamosi. Nchi kavu kuna kiumbe mmoja anayeijua.

Usiandike kwamba konokono hawana athari. Ukiandika hivyo utakuwa umesema uongo kwa hesabu, na uongo wa hesabu unaishi kuliko wa mdomo.

Nilikuuliza samaki anakula nini. Ulijibu kwamba ni mtamu. Hilo ni jibu la swali jingine.

Lindsay


Gannet Head, 10 Julai 1983

Mjomba,

Anakula mwani. Mwani wa kijani, mlaini, uleule. Wavuvi wanausokota kwenye ndoana, wanatupa na chelezo kinachoelea, na samaki mweusi hawezi kujizuia.

Nilijua tangu mwezi wa nne, na barua ya Mei nilikuficha. Jumamosi moja nilichungulia dirishani nikamwona mzee Clarrie anashuka mwambani na ndoo. Alivuka ua wangu akiinua miguu juu kama korongo, taratibu, asiguse waya hata kidogo. Akachuma, akavuka kwenda kingine. Nyuma yake wanachama wengine wanane, kila mtu na ndoo, wote wakitembea kama makorongo.

Jana nilimwambia. Tulikuwa mezani.

"Mzee Clarrie, ule mwani ulio ndani ya nyua."

"Ah, binti," akasema, "nilikuwa natafuta siku ya kukushukuru. Kwa niaba ya klabu. Ijumaa tulikupigia makofi, hukuwepo."

"Mlinipigia makofi ya nini?"

"Serikali haijawahi kutufanyia kitu hapa Gannet. Wewe umekuja peke yako, umetupandia bustani ya chambo, umeizungushia na uzio ili isiharibike. Neville alilia. Neville hajalia tangu mkewe alipomrudia."

Dulcie akaniongezea kipande cha samaki. Nikakila. Ningefanya nini, Mjomba? Kabla ya mwani ule huyu mzee alikuwa anatazama ukuta. Sasa anapiga mluzi. Na mimi nimekuwa nikila matokeo ya utafiti wangu tangu Aprili, na limau juu yake.

Imebaki miezi minne na nusu. Geoffrey ameleta chungu cha maua, amekiweka "kwa muda" kwenye kona ya meza yangu.

Ulijua?

Narelle


Temora, 17 Julai 1983

Mpwa wangu,

Nilijua tangu barua yako ya Aprili, mistari mitatu baada ya neno "siagi". Sikusema kwa sababu mwalimu anayetafuna kwa niaba ya mwanafunzi hushiba peke yake. Na pia nilitaka kuona utavumilia mpaka lini. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sikuwahi kusikia cha mtu ambaye kikulacho kinamlisha.

Sasa tufanye kazi. Usiwazuie. Mwamba ni wa watu wote, na mzee aliyekatazwa chambo huwa mjanja kuliko konokono. Usiwafiche kwenye maandishi pia. Unachotakiwa ni kuwaingiza ndani ya jaribio. Uliuliza kama konokono wanamaliza mwani. Sasa uliza maswali mawili kwa pamoja: konokono wapo au hawapo, na wavuvi wanaruhusiwa au hawaruhusiwi. Hapo utapata aina nne za vipande. Una vipande kumi na viwili vizuri. Kila aina ipate vitatu.

Utaniuliza kwa nini usifanye jaribio la konokono, kisha la wavuvi, kila moja kivyake. Nitakueleza. Mama yako akiwa mezani peke yake na wageni, wageni wananyamaza. Mimi nikiwa peke yangu nao, wanasinzia. Tukiwa wote wawili, wanaanza kugombana wao kwa wao. Jambo hilo la tatu hutalijua kamwe kwa kutualika mmoja mmoja. Lazima uwe na meza ya aina zote nne: yeye tu, mimi tu, sote, na meza isiyo na yeyote kati yetu, ambayo nasikia ndiyo inayopendwa.

Jambo moja tu usilegeze. Kura ndiyo iamue kipande gani ni cha kuchumwa na kipi ni marufuku. Wakichagua wao, watachagua penye mwani mnene. Ukichagua wewe, utachagua pa kukaa.

Lindsay


Gannet Head, 14 Agosti 1983

Mjomba mpendwa,

Nilikwenda klabuni Ijumaa, siku ya bahati nasibu ya nyama. Wanazungusha pipa la namba, na anayeshinda anaondoka na sinia la soseji na mbavu za kondoo. Neville ndiye mwenye pipa, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata daktari.

Nilisimama nikawaambia yote, konokono na Profesa na Novemba. Nikasema nahitaji nusu ya vipande visiguswe, na kwamba kura ndiyo itaamua vipande gani. Kisha mzee Clarrie akauliza, "Kura ya namna gani? Ya vikaratasi?"

"Vikaratasi, ndiyo. Nitafumba macho."

"Vikaratasi vinagandana, binti. Mtu akifumba macho anachungulia. Neville, leta pipa."

Basi jaribio langu likachezeshwa kwa pipa la nyama. Namba ya kwanza ya marufuku ilikuwa kipande cha nane, kile kilicho kando ya njia chenye mwani mzuri kuliko vyote. Wakaguna kama ng'ombe.

"Zungusha tena," akasema mmoja nyuma.

"Nani kasema?" Neville akauliza. "Simama nikuone. Pipa likishasema limesema."

"Wewe mwaka jana ulishinda miguu ya kondoo wiki tatu mfululizo."

"Na nani alilalamika?"

"Wote tulilalamika, Neville. Hata mke wako."

Nikaona namba tatu imeangukia mahali pabaya kwangu, chini ya lile wimbi linalonipiga kofi, nikasema labda tuibadilishe na namba tano, zinafanana tu. Mjomba, nilizomewa. Mzee Clarrie mwenyewe, ninayekula mezani kwake, alisema, "Binti, kama tunaanza kuhamisha namba, basi kesho tutahamisha na mbavu." Nikakaa.

Wameweka ubao karibu na kaunta. Atakayechuma kwenye marufuku, jina lake linaandikwa kwa chaki, na halifutwi hadi Krismasi.

Narelle


Temora, 21 Agosti 1983

Mpwa wangu,

Miaka yangu yote kazini, wataalamu wenye digrii tatu walikuwa wakinishika mkono wa koti korido nzima: "Lindsay, hii namba moja tu, tuisogeze kidogo." Nilikuwa nawaeleza mpaka sauti inakauka. Kumbe dawa ilikuwa kuweka mbavu za kondoo.

Barua yako nimemsomea Mama Katsaros akiwa ng'ambo ya uzio. Amecheka. Amenituma nikwambie kwamba mbwa amenenepa na kosa ni langu.

Pima kila wiki, usiguse, usitabiri.

Lindsay


Gannet Head, 9 Oktoba 1983

Mjomba mpendwa,

Karibu namaliza. Pasipo konokono na pasipo wavuvi, mwani umekuwa kama wigi. Dulcie alishuka akatamani kuuchana. Penye konokono hauoti, wavuvi wawepo wasiwepo. Na penye wavuvi bila konokono, ni peupe vilevile. Maana yake konokono wanafanya kazi niliyosema tangu Machi, na wakiondoka, klabu inaishika kazi hiyo bila kukosa siku hata moja. Ni ile meza yako ya wageni.

Wanachama walitaka kujua kila mtu ni sawa na konokono wangapi. Nikapima konzi ya mwani ya kila mmoja kwenye mizani. Clarrie ni konokono kumi na mmoja. Neville ni sita. Neville amesema mizani ina kasoro, na tangu siku hiyo anafanya mazoezi ya kukunja vidole na mpira wa tenisi.

Kipande cha nane kimeharibika. Kilichumwa. Kwa hiyo nina viwili tu vya aina hiyo.

Mwambie mama soksi ni kavu.

Narelle


Temora, 16 Oktoba 1983

Mpwa wangu,

Barua ndefu, ya furaha, na katikati yake mistari miwili iliyopita mbio kama mtu aliyevunja kioo. Konzi ina mkono, Narelle, na mkono una mtu. Clarrie asingechuma cha nane, Neville angekufa kwanza. Nani?

Lindsay


Gannet Head, 23 Oktoba 1983

Mjomba,

Profesa Maddock.

Alikuja kukagua Alhamisi, maji yakiwa yamekupwa, amevaa viatu vyeupe. Nilimweleza kila kitu, akafurahi sana, akasema ni kazi safi. Kisha akainama kwenye kipande cha nane. "Mwani mzuri mno huu," akasema, akang'oa konzi nzima, akauviringisha vidoleni, akaunusa, akautupa baharini. Kwa mazungumzo tu, Mjomba. Kama mtu anayekata jani la ua akiwa kwenye simu. Halafu akang'oa nyingine kunionyesha ule mzizi.

Neville alikuwa ukingoni na ufito wake.

"Wewe mwenye viatu," akasema.

"Unasema na mimi?"

"Kuna mwingine mwenye viatu? Hiyo ni nane. Nane ni marufuku."

"Rafiki yangu, mimi ndiye msimamizi wa utafiti huu."

"Basi ulipaswa kujua," Neville akasema, akakunja mshipi wake akapanda moja kwa moja klabuni. Nilipofika jioni jina lilikuwa ubaoni kwa herufi kubwa, na chini yake mtu ameongeza: "Bila hata ndoo."

Njiani kurudi kituoni Profesa akasema kwa upole, "Nadhani hicho cha nane tunaweza kusema wimbi lilikipiga." Yeye ndiye anayetia sahihi mwisho wa Novemba. Chungu cha Geoffrey kimechanua.

Nifanyeje?

Narelle


Temora, 30 Oktoba 1983

Mpwa wangu mpendwa,

Kwanza ya hesabu, maana hayo nayajua. Viwili vinatosha. Jaribio lenye pengo linahesabika kama mdomo wenye pengo unavyokula. Polepole kidogo, ila chakula kinashuka. Kurasa zilizo nyuma ya barua hii zinakuonyesha njia.

La pili, usiandike wimbi. Miezi sita tumewatetea mawimbi na jua na konokono wanaoruka wasibebeshwe kazi ya mtu. Tukilisingizia wimbi sasa, mzee Clarrie na wenzake, waliotembea kama makorongo ili wasiguse waya wako, watakuwa waaminifu kuliko sisi. Kipande kupotea si aibu. Andika kwamba kilichumwa, kwa hiyo kimeachwa nje ya hesabu.

La tatu, kama uandike kilichumwa na nani, hilo sikushauri. Nimeliandika na kulifuta mara nyingi. Utaona karatasi imechubuka. Mimi nina pensheni. Wewe una meza yenye chungu cha mtu mwingine.

Mama yako hajui lolote, anadhani unakula vizuri na basi. Nimemwacha hapo.

Lindsay


Gannet Head, 4 Desemba 1983

Mjomba mpendwa,

Najua umekuwa ukitazama sanduku la posta, maana mama kanipigia kuuliza kwa nini umesimama barabarani asubuhi nzima na kofia. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikutaka unishauri tena. Ungefuta mpaka karatasi itoboke.

Kikao kilikuwa Jumatano. Walikuwa watatu: Profesa, mama mmoja wa idara ya hesabu, na mgeni kutoka chuo kingine. Ukurasa wa arobaini niliandika hivi: "Kipande cha nane kiliachwa nje ya hesabu kwa kuwa kilichumwa na msimamizi wa utafiti huu." Nilikuwa nimeuandika nikiwa mezani kwa Dulcie, na mzee Clarrie alisoma begani kwangu, akasema tu, "Ongeza kwamba hakuwa na ndoo." Sikuongeza.

Profesa alikuwa anapitia ukurasa kwa ukurasa kwa sauti ya chini. Alipofika arobaini akaweka kidole kwenye mstari. Yule mama wa hesabu akasoma naye, akaanza kukohoa, akaomba maji, na maji hayakumsaidia. Mgeni akatazama dari. Nikasikia mlango wa ofisi ya jirani unafunguliwa, na nikajua ni Geoffrey anasikiliza.

Profesa akavua miwani.

"Nimeona kwenye kiambatisho," akasema, "kwamba mwanachama aitwaye Clarrie ni sawa na konokono kumi na mmoja."

"Ndiyo, Profesa."

"Na huyu mwingine, aliyeniita mwenye viatu?"

"Sita. Anapinga."

Akaendelea kuifuta miwani, ambayo ilikuwa safi.

"Na mimi?"

Mjomba, nilikusikia kichwani. Nilisikia ngano na kondoo na soseji na meza ya wageni, yote.

"Siwezi kusema, Profesa," nikamjibu. "Ulikuja siku moja tu. Ili nikupe namba ningehitaji marudio."

Akavaa miwani, akafungua kalamu, akatia sahihi. Kisha akatoa kijitabu chake cha maji kupwa na kujaa, akaniuliza bamvua ijayo ni lini, na kama klabu wanaweza kumwazima ndoo.

Mpwa wako, niliyebaki na meza yangu,
Narelle